Nimeitwa intavyu ya MBA na nimekariri majibu 40, mbona yanagoma mdomoni?

"Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 29, niko Mbeya, nafanya kazi kampuni inayonunua na kufungasha parachichi za kupeleka nje, nasimamia ukusanyaji wa matunda kwa wakulima wa Rungwe na Njombe. Niliomba MBA shule moja ya Ufaransa nikijua watanitupa, lakini wiki iliyopita wameniandikia nimechaguliwa kwa intavyu. Nitahojiwa na wahitimu wao wawili, kila mmoja siku yake, kwa Zoom, ndani ya wiki tatu. Rafiki yangu wa Dar kanitumia maswali 60 na majibu yake, nimeshakariri kama 40 ila nikiyasema kwa sauti yanagoma katikati. Kaniambia wakiniuliza udhaifu wangu niseme napenda kazi iwe kamilifu kupita kiasi, na nisitaje kosa lolote kubwa la kazini. Mwaka juzi nilisababisha mzigo ukakataliwa na kampuni ikapata hasara, hilo nimepanga kulificha. Halafu Kiingereza changu lafudhi ni ya kwetu kabisa, chuo nilisoma cha kawaida, GPA 3.1, na naona watakaoshindana na mimi wametoka mabenki na makampuni makubwa. Usiku silali vizuri. Nijiandaeje? Na je nivae tai?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana umeandika kama mtu aliyefiwa wakati ni habari njema hii.

Nianze na GPA na chuo ili tuviweke pembeni. Hao watu GPA yako waliiona kabla ya kukuita. Waliona 3.1, waliona jina la chuo, waliona kazi yako ni ya kuzunguka na pikapu kwenye matope ya Rungwe na siyo ya kukaa benki kwenye kiyoyozi, na baada ya kuona vyote hivyo ndo wakaandika njoo tuongee. Shule hizi haziiti kila aliyeomba. Sasa ukifika pale ukaanza kujitetea kuhusu GPA kabla hujaulizwa unawakumbusha kitu walichokwisha kukimeza. Ukiulizwa, sema kwa sentensi mbili ilikuwaje na baadaye ulifanya nini, halafu nyamaza, usiongeze ya tatu.

Haya, hayo majibu 60. Rafiki yako ana nia njema na wala simlaumu, ila amekuandalia mtihani wakati unaenda kwenye maongezi. Mi yalinikuta hayo hayo. Intavyu yangu ya kwanza kabisa nilikuwa bado nakaa Iringa, nikakariri kurasa mbili za kwa nini nataka MBA, nilikuwa nazisema hata nikiwa naosha vyombo. Siku ya siku msaili, mama mmoja mpole tu, akanisikiliza kama dakika moja akanikata akauliza, "nani ofisini kwenu hakubaliani na wewe kwenye hilo?" Swali dogo. Kichwa kikawa cheupe, nikajikuta narudi kuanza mwanzo neno kwa neno, kama mtoto wa shule anayesoma ngonjera kwenye mahafali akikosea inabidi arudi kwenye "ndugu mgeni rasmi". Walinikataa, na kwa kweli ningekuwa mimi ningejikataa pia.

Sababu ya kugoma katikati ni hii. Kitu ulichokariri kimeshikana neno na neno kama shanga kwenye uzi, moja ikidondoka zote zinamwagika. Lakini jambo lililokutokea mwenyewe hulikumbuki hivyo, unalikumbuka kama picha, ulikuwa umesimama wapi, nani kasema nini, mvua ilikuwa inanyesha au la, kwa hiyo mtu akikukata popote unaweza kuingilia mlango mwingine ukaendelea. Ndo maana usiku bar unaweza kusimulia mkasa wa safari ya Makambako mara kumi na watu wanakukatiza na hupotei hata siku moja.

Kwa hiyo funga hilo faili la maswali 60. Andaa matukio sita.

Kabla sijakwambia yapi, elewa kwa nini wanauliza wanavyouliza, ukielewa hapo nusu ya hofu inaisha. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa John Flanagan, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa jeshi la anga kwenye kazi ya kuchagua marubani, na mwaka 1954 akaandika njia waliyoifikia: usiulize watu rubani mzuri yukoje, maana kila mtu atakupa sifa nzuri nzuri, jasiri, makini, mwaminifu, uliza ni tukio gani hasa, nani alifanya nini, na ikatokea nini. Maswali mengi unayoyaogopa leo, yale ya "tueleze siku ambayo uli…", asili yake inafanana na hiyo. Msaili hataki kujua unauonaje uongozi. Anataka kuona ulichofanya siku moja ya Jumanne saa tisa mchana ukiwa umechoka, kwa sababu anaamini ulichofanya jana ndo dalili nzuri zaidi ya utakachofanya kesho.

Na kuna sababu ya pili ambayo watu wa huku kwetu huwa hawaambiwi. Shule nyingi za biashara zinafundisha kwa kesi, yaani visa vya makampuni mnavyosoma na kujadili. Harvard ndo ilieneza mtindo huu tangu miaka ya 1920, darasa linakuwa na watu kama 90, mwalimu hatoi mhadhara, anauliza, na kwenye kozi nyingi kuchangia kwako darasani kunabeba mpaka nusu ya maksi. Sasa mwanafunzi anayekaa kimya ni hasara kwa wenzake, na anayeongea maneno matupu ni hasara zaidi. Kwa hiyo yule mhitimu atakayekuhoji moyoni anajiuliza kitu rahisi tu, huyu jamaa angekaa kiti cha jirani yangu, ningejifunza nini kwake? Na hapo wewe wa parachichi una cha kusema kuliko mtu wa tano aliyetoka benki. Rafiki yako amekwambia nini kuhusu Mbeya, uifiche? Hukuandika lakini nahisi. Usiifiche.

Sasa matukio. Chukua daftari, siyo simu, andika sita kutoka miaka minne mitano ya karibuni: moja uliloanzisha wewe bila kutumwa, moja ulilogombana na mtu kazini, moja uliloongoza watu ambao huna mamlaka nao (una wakulima, hao siyo waajiriwa wako, hili unalo tele), moja uliloamua bila kuwa na taarifa za kutosha, moja ulilobadilisha msimamo baada ya kusikiliza mtu, na moja ulilokosea kweli kweli.

La kukosea ndo nataka tukae nalo. Nilikuandikia pembeni ukanieleza ilivyokuwa na umekubali nilitumie hapa. Uliponitumia mara ya kwanza uliandika hivi: "Kulitokea changamoto katika mnyororo wa thamani ambapo mzigo haukukidhi viwango vya ubora, na kupitia changamoto hiyo tulijifunza umuhimu wa mawasiliano." Mdogo wangu. Hiyo ni sentensi ya kwenye semina, baada yake inafuata chai na sambusa. Hakuna mtu humo ndani. Mzigo "haukukidhi", wenyewe tu, ulijiamulia.

Nikakuuliza nani, wapi, saa ngapi, ulishika nini mkononi, na ndo ukaniambia ya kweli. Lori limesimama Tukuyu tangu asubuhi, halijajaa, bosi kapiga simu mara mbili. Mzee mmoja mwenyekiti wa kikundi anasema matunda yangu yamekomaa, njoo uchukue. Kipimo cha ukomavu kiko na mwenzako Njombe. Ukapasua tunda moja kwa kisu, ukaona ngozi ya kokwa bado nyeupe-njano haijawa kahawia, na unajua kabisa maana yake, tunda hilo ni changa, na Hass, hiyo aina ya parachichi mnayonunua, ikichumwa changa haiivi vizuri, inasinyaa. Ukamtazama mzee. Ukasema pakieni. Kreti 140 zikachanganyika na za watu wengine, na wiki kadhaa baadaye zikaja picha kutoka kwa mnunuzi, matunda yamekunjamana, na mzigo umekataliwa. Na siku mbili nzima ulikaa kimya wakati bosi anauliza kikundi gani kimeleta uchafu huu, siku ya tatu ndo ukaenda ukasema ni mimi, niliona na nikapitisha.

Hiyo sasa ni intavyu! Hasa hizo siku mbili za kimya, ambazo uliniomba niziondoe. Usiziondoe. Mtu anayesimulia kosa lake akajiweka msafi kuanzia dakika ya pili haaminiki, na hao wahitimu ni watu wazima wameshakosea makazini kwao, wanajua kosa linanukaje. Kisha unamalizia na ulichofanya: kuanzia hapo hakuna lori kuitwa kabla sampuli haijapimwa, kila kreti ikaandikwa namba ya kikundi ili tunda likileta shida lijulikane limetoka shamba gani, na ukarudi kwa yule mzee ukakaa naye ukamweleza uso kwa uso. Na msimu uliofuata kwenye eneo lako hakuna mzigo uliorudi kwa sababu ya uchanga. Dakika mbili na nusu, basi.

Sasa angalia tukio hilo moja linajibu maswali mangapi. Kosa lako kubwa, hilo hapo. Siku uliyobanwa na muda, hilo. Jambo la maadili lililokuwa gumu, hilo, zile siku mbili. Ulibadilishaje utaratibu kazini, hilo. Na udhaifu wako pia umo humo, siyo huo wa kupenda ukamilifu ambao wasaili wameusikia mpaka wakiusikia wanaangalia saa. Udhaifu wako mdogo wangu ni kwamba unapata tabu kumwambia hapana mtu aliyekuzidi umri. Ni wa kweli, unaeleweka, umekugharimu, na una ushahidi unaufanyia kazi, kile kipimo na zile namba kwenye kreti ni njia ya kuufanya utaratibu useme hapana badala ya wewe. Nikiwa msaili nikisikia hivyo naweka kalamu chini nakusikiliza.

Ila usinielewe vibaya, ukweli una mipaka. Kama kosa lako lingehusu wizi, au kesi ambayo iko mahakamani, au siri ya mwajiri, hilo haliendi kwenye intavyu, unachagua jingine. Na usimtaje mnunuzi wala mwenzako kwa jina. Kusema ukweli hakukulazimishi kuvua nguo.

Kitu kingine ambacho ni ugonjwa wetu watu wa huku, na naona aibu kuuita ugonjwa maana ni malezi mazuri. Tunasema "sisi". Tuliona, tuliamua, tukafanikiwa. Kwetu mtu anayesema mimi mimi mimi anaonekana hana adabu, ameanza kulewa. Lakini msaili anasikia "tuliamua" anabaki anajiuliza huyu alikuwepo au alikuwa anapita? Atakuuliza, na wewe ulifanya nini? Kwa hiyo tenganisha mapema: timu ilikuwa watu watano, kazi yangu mimi ilikuwa hii, hili niliamua mimi, hili aliamua bosi. Hapo hujajisifu, umegawa tu kazi kila mtu na yake, na kumpa mwenzako sifa yake kwenye sentensi hiyo hiyo kunakuongezea wewe. Ile fomula ya hali, jukumu, hatua, matokeo utaikuta kila mahali, siyo mbaya, tatizo watu wanatumia dakika mbili kueleza hali na sekunde kumi kueleza walichofanya. Geuza.

Maswali yenyewe sasa ya kawaida, niyapitie haraka kidogo.

"Tueleze kuhusu wewe" au "tupitishe kwenye CV yako". Hili litakuja karibu hakika, na watu wanaanza nilizaliwa Kyela mtoto wa tatu kati ya saba. Hapana. Dakika mbili, unafanya nini sasa, ulifikaje hapo kwa vituo viwili vitatu na kwa nini ulihama kila kituo, halafu unaelekea wapi. Hili peke yake unaweza kulizoea kwa mpangilio, lakini vituo tu, siyo maneno.

"Kwa nini MBA, kwa nini sasa". Kipimo changu ni kimoja: jibu lako likiweza kusemwa na mtu mwingine yeyote, siyo jibu. "Kuongeza maarifa na mtandao" anaweza kusema hata mwenye duka la simu Mwanjelwa. Wewe mzigo wako ulikataliwa na mtu wa upande wa pili, wa bandari ya Rotterdam huko Uholanzi ambako matunda mengi ya Ulaya yanapitia, na ukagundua unajua kila kitu kuanzia mti mpaka geti la kiwanda, ila baada ya hapo hujui kitu, mkataba unaandikwaje, bei inapangwa na nani, nani anabeba hasara kontena likichelewa. Hiyo ndo sababu yako, uliniandikia mwenyewe kwenye aya ya mwisho kama kitu cha pembeni!

Malengo, hapa kuwa na adabu na uhalisia. Shule zinahesabu wahitimu wao wanapata kazi gani na baada ya muda gani, kwa hiyo wanataka kusikia kazi ya kwanza baada ya shule inayowezekana, cheo gani, aina gani ya kampuni, halafu ndoto ya miaka kumi. Usiseme utaikomboa Afrika. Sema unataka kwanza ukae miaka mitatu upande wa ununuzi, halafu urudi kujenga kiwanda cha kufungasha nyanda za juu kusini, na ujue kueleza kwa nini huku. Jipange wakikuuliza kuhusu sekta, SAGCOT, ule mpango wa kukuza kilimo kusini mwa nchi, ilianza 2010 na inahusu ukanda wako, ukiulizwa kilimo cha kusini mwa Tanzania ukababaika itakuwa aibu. Na wakikuuliza "ukikosa nafasi utafanyaje" usijifanye dunia itaisha, sema utaendelea na nini na utaomba tena lini.

"Kwa nini shule hii" watu wengi wanasoma tovuti. Tafuta wanafunzi wawili waliopo sasa hivi, shule nyingi za Ulaya zina klabu ya wanafunzi wa Afrika, waandikie ujumbe mfupi wa heshima, waulize kitu kimoja ambacho tovuti haisemi. Wanajibu, amini usiamini. Siku ya intavyu unasema niliongea na mwanafunzi wa mwaka huu akaniambia hivi, inatosha.

Mwishoni watakuuliza una swali? Usiseme hapana. Na usiulize kitu kilichoandikwa ukurasa wa kwanza wa tovuti. Hao ni wahitimu, muulize ni nini alichobadili namna ya kufanya kazi baada ya shule, au nini kilimchosha. Watu wanapenda kuulizwa wao.

Jambo la kuhakiki: soma vizuri ule ujumbe waliokutumia. Shule zinatofautiana sana. Harvard wanakuhoji nusu saa, na anayekuhoji ni mtu wa udahili aliyesoma faili lako lote. Wharton tangu 2012 wanawaweka waombaji kwenye kundi la watu watano sita mnajadili jambo, wanatazama unavyoishi na wenzako. Wewe utahojiwa na wahitimu, na mara nyingi mhitimu anakuwa na CV yako tu, insha hajaziona, kwa hiyo usiseme "kama nilivyoandika kwenye insha", msimulie upya. Na hao wawili kila mmoja anaandika ripoti yake. Unaweza kumpa kila mmoja matukio tofauti kidogo, ila tarehe, namba na sababu vifanane, na vitafanana kwa sababu ni vya kweli.

Kiingereza. Lafudhi iache. Madarasa haya yamejaa Wabrazili, Wahindi, Wachina, Wanaijeria, kila mtu ana yake na hakuna anayeomba radhi. Shida ya kweli ni mbili. Moja ni kasi, tukiogopa tunakimbia, kwa hiyo pumua kabla ya kujibu, sekunde tatu za kimya wewe unaziona mwaka yeye hazioni. Na hujasikia swali, omba alirudie, ni kawaida kabisa. Pili ni maneno yetu. Ukisema AMCOS au lumbesa, mtu wa Lyon ameshapotea. Kila neno la namna hiyo liandalie maelezo ya maneno kumi, na hasara ya shilingi ibadilishe kuwa dola au yuro kichwani kabla, usianze kupiga hesabu kwenye Zoom.

Mazoezi sasa, ndo yanakula wiki tatu zako. Usisome kwa macho, ongea. Jirekodi kwa simu kila jioni tukio moja, sikiliza, utajichukia siku nne za kwanza, halafu utaanza kusikia pale unapozunguka mbuyu. Kisha msimulie mtu asiyejua kazi yako kabisa, kwa Kiswahili tu kwanza. Una shangazi anauza ndizi Uyole? Kaa naye, mwambie lile la lori la Tukuyu. Akikuuliza "sasa kwa nini ulipakia?" umepata msaili bora kuliko wa kulipia. Likishakaa vizuri kwa Kiswahili ndo ulihamishie Kiingereza, maneno yatabadilika kila mara na ndo tunavyotaka.

Umeniuliza pia faragha kuhusu kulipia kocha. Sikukatazi. Kocha mzuri anakuuliza maswali na kukukata katikati, na hilo lina faida kama huna kabisa mtu wa kukusikiliza. Lakini gharama zake nyingi ni za watu wa New York, na anayekuandikia majibu anakuharibia, anakurudisha kwenye ngonjera. Anayekuhakikishia utapata nafasi kimbia, na anayesema anajuana na mtu ndani ya shule kimbia zaidi. Bure ni hii: mtafute mtu yeyote aliyesoma MBA hapo Mbeya, Mzumbe wana kampasi hapo, wahitimu wao wako kwenye mabenki na halmashauri, mwombe nusu saa na soda. Na akili mnemba itumie kukutungia maswali ya ghafla, vizuri, ila usiweke majibu yake kwenye skrini siku ya intavyu. Macho yanayosoma yanaonekana, yanaenda kushoto kulia, kushoto kulia, tunayaona.

La usingizi silipiti hivi hivi. Kukosa usingizi siku mbili tatu kabla ya jambo kubwa ni kawaida, tembea jioni, acha chai ya rangi usiku, utalala. Lakini kama umeshapitisha wiki hulali, moyo unaenda mbio bila sababu, unakosa pumzi ukifikiria tu hiyo Zoom, au umeanza kukata tamaa na mambo mengine yote, hapo siyo suala la maandalizi tena na mimi siyo mtu wake. Nenda ukaongee na daktari ana kwa ana, hospitali ya rufaa hapo Mbeya wanahudumia mambo ya afya ya akili, na hakuna aibu, unaenda kama mtu anayekwenda kupima presha. Na ukiona huwezi kabisa ndani ya wiki hizi, waandikie shule mapema uombe tarehe nyingine. Mapema, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Mwisho mambo ya mtandao. Usitegemee nyumbani kama umeme wenu unakatika, tafuta chumba cha hoteli ndogo au ofisi yenye jenereta, uwe na bando la mtandao wa pili kwenye simu nyingine, na laptopu imejaa chaji. Angalia saa, kwa makini. Ufaransa wako nyuma yetu saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, wanabadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakikuandikia saa 14:00 ya Paris wakati wa baridi, kwako ni saa kumi jioni. Namfahamu mtu aliyesoma "saa 10" akaenda saa kumi ya kwetu, msaili wake alikuwa ameshaondoka. Andika ukutani kwa saa zote mbili, ya kwao na ya kwako kwa Kiswahili.

Tai vaa kama shati lako bila tai linaonekana la kwenda sokoni, kama una koti zuri na shati limepigwa pasi unaweza kuiacha. Na vaa suruali, kuna siku utalazimika kusimama kufunga dirisha.